Mashine ya Halifax Uani Chumbageni

Mashine kuukuu ya kukereza vyuma hainunuliwi kwa macho. Huweza kuwa imebanduka rangi yote na magurudumu yake ya mkono yamepoteza vishikio, na bado ikawa nzima kuliko nyingine iliyopakwa rangi mbichi ili imvutie mnunuzi. Mwalimu mmoja mstaafu wa ufundi wa mitambo jijini Tanga, ambaye mtaa mzima wa Chumbageni humwita Mwalimu tu, alilijua hilo kabla ya kwenda kuiona mashine iliyokuwa ikiuzwa na karakana ya shamba la mkonge. Hakwenda na fedha. Alikwenda na mpwa wake, tochi, matambara, kipande cha mti mgumu chenye urefu wa mkono, na saa ya kupimia, ile yenye mshale unaosoma sehemu moja ya mia ya milimita.

Karakana za namna ile zilikuwa nyingi Tanga. Mkonge uliingizwa nchini mwaka 1893, na kila shamba lililokua lilihitaji korona ya kuchakata majani. Korona nayo ilihitaji shafti na bushi ambazo hazikuweza kungoja meli, kwa hiyo mashine za kukereza zikafuata. Mashamba yaliposinyaa, mashine zilibaki chini ya mabati, na nyingine ziliuzwa kwa kilo pamoja na vyuma chakavu. Hili linamuuma Mwalimu kuliko jambo jingine lolote katika ufundi: mashine ambayo reli zake zilinyooshwa na mafundi stadi kukatwa vipande kwa gesi ili itoshe kwenye mizani.

Aliyoikuta ni Boxford ya aina B, iliyotengenezwa Halifax, kaskazini mwa Uingereza. Kiwanda hicho kilianza katika miaka ya 1940 kwa kufuata kwa karibu sana umbo la mashine ya inchi 9 ya South Bend, kampuni iliyoanzishwa Marekani mwaka 1906 na ndugu pacha, John na Miles O'Brien. Boxford hiyo inazungusha kitu chenye kipenyo cha milimita 230 hivi. Ni ndogo kiasi cha kukaa nyumbani, lakini ni nzito kiasi cha kukata chuma bila kutetemeka. Shule nyingi za Uingereza zilifundishia kwa Boxford, na Mwalimu mwenyewe alijifunza kwenye mashine ya aina hiyo akiwa kijana katika shule ya ufundi, chini ya mkufunzi aliyewakataza kugusa swichi kabla hawajaonyesha kopo la oili walilotumia asubuhi hiyo.

Ukaguzi ulianza kwenye gia za kupunguza mwendo, zilizo nyuma ya kichwa cha mashine. Kishikio cha taya tatu hufungwa kwenye spindo kwa nyuzi za skrubu, na kikikaa miaka bila kufunguliwa huganda. Fundi mwenye haraka huzifunga gia hizo ili spindo isizunguke, kisha hukigonga kishikio kwa nyundo. Kishikio hufunguka, au jino la gia huvunjika. Mwalimu alimulika tochi na kulipitia jino moja moja huku mpwa wake akizungusha spindo kwa mkono. Mawili yalikuwa yamechubuka ncha, lakini yote yalikuwepo.

Kisha akaingiza kipande cha mti chini ya spindo, akaegesha saa ya kupimia juu yake, akainua. Mshale ulisogea kidogo na kurudi. Spindo ya Boxford hukaa juu ya beringi za koni, na beringi za koni zikilegea huweza kukazwa kwa nati iliyo nyuma. Kilichomhusu zaidi ni sauti. Alizungusha taratibu, sikio karibu na kichwa cha mashine, akitafuta ule mkwaruzo wa beringi iliyoliwa na kutu. Haukuwepo.

Kitanda ndicho kilichomkalisha muda mrefu. Mashine za ukoo huu zina reli nne: tatu zenye mgongo wa pembetatu na moja bapa. Mgongo wa nje mbele na wa nje nyuma hubeba kigari chenye kisu, na reli mbili za ndani hubeba mkia, unaoshikilia ncha ya pili ya chuma. Maana yake, kigari kinaposaga reli zake kwa miaka mingi, reli za ndani zilizo karibu na kichwa cha mashine hubaki karibu kama zilivyotoka kiwandani, kwa sababu mkia haufiki huko mara nyingi. Kiwanda chenyewe, bila kukusudia, kimeacha rula ndani ya mashine. Mwalimu alifunga saa juu ya kigari, ncha yake ikagusa reli bapa ya ndani, akakisogeza kigari kutoka katikati kuelekea kichwani. Mshale ulionyesha kwamba kigari kinazama sehemu tano za mia za milimita kinapokaribia kichwa.

"Mjomba," mpwa wake aliuliza kwa sauti ya chini, muuzaji asisikie, "kama kitanda kimelika hivyo, si imekwisha hiyo?"

Jibu la swali hilo ndilo somo ambalo Mwalimu angependa kila kijana wa ufundi alipate kabla ya kuitukana mashine yoyote. Kisu kikishuka chini kidogo, kipenyo cha kitu kinachokerezwa hakibadiliki kwa kiasi hichohicho. Chukua chuma cha mviringo chenye kipenyo cha milimita 40. Kisu kikizama sehemu tano za mia, kipenyo huongezeka kwa takriban sehemu moja ya elfu kumi ya milimita, kiasi ambacho maikromita ya karakana haiwezi kukisoma. Kisu kikirudi nyuma sehemu hizo hizo tano, kipenyo huongezeka sehemu kumi za mia, na hapo beringi haitaingia. Kwa hiyo swali la kuuliza ni uchakavu umeelekea wapi. Aliweka saa kwa ubavu, akarudia safari ileile, na msogeo wa ubavuni ulikuwa mdogo sana. Wakaanza kuzungumza bei.

Bei yenyewe iliamuliwa zaidi na sanduku la mbao lililokuwa chini ya mashine kuliko mashine. Ndani yake mlikuwa na gia za kubadilisha, kishikio cha taya nne, bamba la kufungia vitu visivyo mviringo, na mhimili wa kushikilia vyuma virefu. Mnunuzi asiyejua huviona vitu hivyo kama vikorokoro na kuviacha. Kuvitafuta kimoja kimoja baadaye huweza kugharimu zaidi ya mashine nzima.

Safari ya kwenda Chumbageni haina mengi ya kusimulia, kwa kuwa ilipangwa vizuri. Mashine hii ina uzito mkubwa juu na mwingi zaidi upande mmoja, na hupinduka kirahisi. Mkia ulitolewa, kigari kikasogezwa hadi mwisho ili kupunguza uzito wa kichwa, na mikanda ya winchi ikapitishwa chini ya kitanda, mbali na skrubu kuu ambayo ikipinda hainyooki tena. Vibarua waliisukuma uani juu ya mabomba ya chuma.

Hapo ndipo mtu mwingine angepaka rangi. Mwalimu alifungua kila kitu.

Upepo wa bahari wa Tanga hauna huruma na chuma kitupu. Kilichosafishwa jioni huamka na vumbi jekundu. Sehemu ndogo zilizoshikwa na kutu zilitumbukizwa kwenye beseni la plastiki lenye maji na magadi soda. Kitu chenye kutu kiliunganishwa na upande hasi wa chaja ya betri ya gari, na vipande vya nondo vikaunganishwa na upande chanya, pande hizo mbili zisigusane. Umeme ukipita, kutu hulegea na kutoka kwa brashi, na chuma kizima hakiliwi kama kinavyoliwa na asidi. Kazi hiyo ilifanyika nje, kwenye hewa, kwa sababu mapovu yanayopanda ni haidrojeni inayoweza kulipuka. Kijiko cha chuma kisichoshika kutu hakiruhusiwi kamwe kuchukua nafasi ya nondo, kwani kromu iliyomo hugeuka sumu ndani ya maji hayo. Mpwa alitaka kujaribu na gurudumu moja la aluminiamu, Mwalimu akalichukua mkononi mwake kabla halijafika kwenye beseni: magadi huitafuna aluminiamu.

Reli za kitanda hazikuonja msasa wala grainda. Chembe za msasa hujichimbia ndani ya chuma cha kalibu na kuendelea kukisaga kigari kila kinapopita, miaka baada ya aliyepiga msasa kusahau. Zilisuguliwa kwa mafuta ya taa, matambara, na ukingo wa kipande cha shaba. Tundu za oili, ambazo mtu fulani alizipaka rangi zamani pamoja na mwili wa mashine, zilizibuliwa kwa sindano nene, na vipande vya felti vinavyofuta reli mbele ya kigari vikabadilishwa. Felti hizo ni kitu kidogo kabisa katika mashine, na ndizo zinazoamua kitanda kitadumu kiasi gani.

Nati ya skrubu inayosogeza kisu kwa upana ilikuwa imelika hadi gurudumu linazunguka robo nzima kabla kisu hakijaitika. Mpya ilichongwa kwa bronzi na fundi wa Gerezani, Dar es Salaam, baada ya mazungumzo marefu ya simu kuhusu nyuzi zake, ambazo huzunguka kushoto. Fundi yule alipiga tena siku ya pili: "Mzee wangu, nimeanza ya kulia kwa mazoea, nimeitupa, naanza upya, usihesabu hiyo." Nati ilifika na basi, ikaingia.

Umeme ulikuwa na mambo yake. Mota ya Boxford hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya karakana: njia tatu, volti 415. Nyumba ya Mwalimu, kama nyumba nyingi, ina njia moja ya volti 230. Wengi hapa huitupa mota na kununua ya njia moja, nayo hufanya kazi, ila hutetemesha spindo, na mtetemo huo huandikwa juu ya chuma kinachokerezwa. Mwalimu alifungua kisanduku cha nyaya cha mota na kukuta ncha sita. Zilikuwa zimeungwa kwa mtindo wa nyota. Ukizibadilisha ziwe pembetatu, kila koili hupata volti 240 badala ya kugawana 415, na mota hiyohiyo huendeshwa na draivu, kifaa kinachopokea umeme wa njia moja na kuutoa kama njia tatu. Faida nyingine ni kwamba mwendo hupunguzwa na kuongezwa kwa kitufe, ingawa mota ikienda polepole mno feni yake hushindwa kuipoza.

Draivu ina hatari mbili ambazo mafundi umeme wachache huzieleza kwa mwenye mashine. Ya kwanza ni breki. Kishikio cha taya kimefungwa kwa nyuzi. Spindo ikisimamishwa ghafla, au ikigeuzwa mwendo, kishikio chenye uzito wake kinaendelea kuzunguka na kujifungua, na kikitoka kinatoka na kasi yote. Mwalimu aliiweka draivu isimamishe spindo taratibu na akafunga kabisa uwezo wa kurudi nyuma. Ya pili ni kukatika kwa umeme, jambo ambalo hapa halihitaji maelezo. Mtu ameondoka kwenda kunywa chai, umeme unarudi, mashine inawaka yenyewe huku ufunguo wa kishikio ukiwa bado umo. Mpangilio wa kujiwasha ulizimwa, na waya wa ardhi ukapimwa kabla ya chuma cha kwanza kukatwa. Mambo haya hayapaswi kuwa hiari ya fundi. Yangepaswa kuandikwa kwenye kila draivu inayouzwa Kariakoo.

Kazi iliyobaki ni ile ambayo watu wengi huiruka, nayo ndiyo inayotenganisha mashine na rundo la sehemu zilizosafishwa: kuisimamisha.

Kitanda cha chuma chenye urefu wa mita moja na ushei huonekana kigumu kama jiwe, lakini hakiko hivyo. Ukikikaza kwa bolti juu ya sakafu isiyo sawa, kinajipinda kama mwiko wa mbao ulioshikwa ncha mbili, kwa kiasi kisichoonekana, na mashine iliyokuwa sahihi inaanza kutoa vyuma vyenye unene tofauti kila upande. Mwenye mashine hulaumu beringi, kisha kitanda, kisha Waingereza. Mwalimu anaamini kwamba sehemu kubwa ya mashine zinazoitwa mbovu katika karakana zetu zimesimamishwa vibaya tu, na mashine hii ilimpa ushahidi.

Pima maji ya mwashi haitoshi kwa kazi hiyo. Aliazima ya fundi mitambo kutoka kwa mwanafunzi wake wa zamani anayefanya kazi bandarini, ambayo povu lake husogea mstari mmoja kwa tofauti ya sehemu mbili za mia za milimita katika mita moja. Iliwekwa kukatisha kitanda, kwanza karibu na kichwa, halafu upande wa mkia. Mwanafunzi yule, mtu mzima mwenye mvi, alisimama pembeni akauliza kwa heshima: "Mwalimu, mbona melini kuna mashine kama hii, na meli inayumba?"

Ndivyo ilivyo. Mashine haihitaji kulala sawa na uso wa bahari. Inahitaji ncha zake mbili zilale sawa zenyewe kwa zenyewe. Pima maji hutumika kwa kuwa ni njia rahisi ya kuzilinganisha. Povu likisoma mstari uleule kichwani na mkiani, kitanda hakijapinda, hata kama mistari yote miwili inaonyesha mteremko.

Baada ya povu, chuma chenyewe hutoa hukumu. Kipande cha chuma laini cha milimita 40 kilifungwa kwenye kishikio, kikaachwa kitokeze bila kushikwa na mkia, na katikati yake ikapunguzwa ili zibaki pete mbili, moja karibu na kishikio na nyingine kwenye ncha, zikiwa zimeachana milimita 150. Kisu kikali cha haispidi kilipita juu ya zote mbili kwa mkato mwembamba, bila kubadilishwa kati. Maikromita ilisema pete ya ncha ni nene zaidi kwa sehemu sita za mia.

Fikiri kisu kimekaa wapi: upande wa mbele, juu ya kitanda. Ukiinua mguu wa mbele upande wa mkia, kitanda huko kinalala kidogo kuelekea nyuma, na kisu kinasogea karibu na chuma. Mwalimu alilegeza bolti, akaingiza chini ya mguu huo vipande vya kopo la soda, ambavyo maikromita ilivisoma kama sehemu moja ya kumi ya milimita, akakaza. Wakakata, wakapima. Wakaongeza, wakapunguza. Mpwa wake, aliyekuwa amechoka wakati wa kusugua, hapa alinasa. Akawa yeye ndiye anayepima na Mwalimu anakaza. Tofauti ilishuka hadi chini ya sehemu moja ya mia, nao wakaiacha hapo.

Ni baada ya hapo tu ndipo mkia uliguswa. Watu hupenda kuanza na mkia kwa sababu una skrubu za kuusogeza kushoto na kulia, na ukisogezwa unaweza kuficha kosa la kitanda kwa chuma cha urefu mmoja. Ukifunga chuma cha urefu mwingine, kosa linarudi.

Mashine sasa inafanya kazi, na mtaa umegundua. Bushi za pampu za maji huja, shafti ya feni ya mashine ya kusaga, vipande vya mashine za boti. Kazi nyingi ni za mabomba, na hapa mashine ya Kiingereza inajiona nyumbani: skrubu yake kuu ina nyuzi 8 kwa inchi, na bomba la maji la nusu inchi Tanzania bado lina nyuzi 14 kwa inchi, kipimo kilichotokana na Joseph Whitworth, Mwingereza aliyependekeza nyuzi zake za pamoja mwaka 1841. Uwiano ni 4 kwa 7, na gia zilizomo sandukuni zinatosha.

Pikipiki ndizo zenye tabu, kwa kuwa nyuzi zake ni za milimita. Inchi moja ni milimita 25.4, na tano za hizo ni 127, namba isiyogawanyika. Ndiyo maana kukata nyuzi za milimita kwa usahihi kamili juu ya skrubu ya inchi kunahitaji gia ya meno 127. Sandukuni haikuwemo. Mpwa alikaa na daftari usiku mmoja akigawanya namba, akarudi na pendekezo: gia ya meno 63 ikiisukuma ya meno 80 hufanya kazi ya 100 kwa 127, na kosa lake ni takriban milimita 0.0125 katika kila milimita 100 za nyuzi.

"Mjomba, kwenye ekseli ya pikipiki nyuzi hazifiki hata milimita 30," alisema.

Mwalimu aliipitia hesabu mwenyewe, akaikubali. Gia ya 63 ilichongwa, na ekseli ya kwanza ikakatwa nyuzi za milimita 1.25, nati za kigari zisifunguliwe kutoka kwenye skrubu kuu hadi mkato wa mwisho, kwa sababu kwa nyuzi za milimita mashine hii hairudi mahali pake ikiachiwa. Kila mara hurudishwa kwa kuzungushwa kwa mkono. Nati ya dukani iliingia kwa vidole hadi mwisho. Gia ya 127 bado inatafutwa, kwa ajili ya skrubu ndefu za mashine za kukamulia mafuta ya nazi ambazo mteja mmoja wa Pangani amekuja kuziulizia.